Kontena moja na karatasi zake: Kurasini hadi Lubumbashi

Jumatatu, Dar es Salaam

Kontena liko bandari kavu Kurasini, yaani uwanja wa makontena nje ya bandari yenyewe. Ni la futi 40, ndani kuna vipuri vya pampu na mikanda ya kubebea mawe ya mgodini. Muuzaji yuko Ulaya, mnunuzi ana ghala Lubumbashi, Kongo, na wameuziana kwa masharti ya DAP: muuzaji anabeba gharama na hatari zote mpaka mlangoni kwa mnunuzi, na mnunuzi anabaki na ushuru wa kuingiza na kazi ya kupakua. Ukiwa Antwerp, Ubelgiji, DAP Lubumbashi ni mstari mmoja kwenye ankara. Huku ni nchi tatu, Tanzania, Zambia na Kongo, forodha tatu, sarafu tatu, na karatasi zinazoanza kwa Kiingereza na kumalizia kwa Kifaransa.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Mikataba inatuita kampuni ya lojistiki ya upande wa tatu, maana hatuuzi mzigo wala hatuununui. Lori hatuna hata moja. Kontena ni la kampuni ya meli, kichwa na tela ni vya msafirishaji mwenye magari machache, dereva kaajiriwa na msafirishaji. Tunachouza ni kwamba watu hawa wote watakutana mahali panapotakiwa, karatasi zikiwa zimetangulia.

Kazi yangu ni ufuatiliaji. Kila asubuhi natuma ripoti kwa mteja: gari fulani liko Mikumi, fulani liko Mpika, fulani liko Tunduma mpakani, linasubiri. Nimeandika "linasubiri" mara nyingi kiasi kwamba neno lenyewe halinisumbui tena. Safari hii nimeomba nipande. Msafirishaji hakufurahi, bima yake haimtambui abiria, ikabidi niandike barua kwamba nimejipeleka mwenyewe.

Dereva ni mtu mzima wa Makambako, wote wanamwita Mzee, nami nimemwita hivyo hivyo. Yeye ananiita mdogo wangu, au "ofisi" akiwa na hasira. Utingo ni kijana mkimya anayejua kila fundi wa matairi kati ya Chalinze na Tunduma. Nilimuuliza Mzee kama anajua mzigo ni wa nani. Akanitajia jina la dalali. Ndivyo mnyororo ulivyo: muuzaji aliipa kazi kampuni kubwa ya Ulaya, nayo ikatupa sisi, sisi tukampa msafirishaji wetu, naye magari yake yalikuwa njiani, akaingia kwenye kundi la WhatsApp la madalali na kumpata mwenye lori hili, aliyemwajiri Mzee. Kila mkono uliopokea umekata chake. Mzee yuko mwisho wa mnyororo na hajui mwanzo wake.

Jumanne, bado Dar

Mchana kutwa tumengoja. Mzigo wa kupita haulipiwi ushuru Tanzania, badala yake kunawekwa dhamana. Kontena likitoweka kabla ya kuvuka Tunduma, forodha inamgeukia mwenye dhamana na kudai kodi yote. Dhamana haifungiki mpaka gari lithibitishwe kuwa limetoka nchini, na muda wote huo sehemu ya uwezo wa kampuni imeshikwa. Ndiyo maana kampuni ndogo ikiwa na makontena mengi barabarani kwa wakati mmoja inakwama hata kama wateja wanagonga mlango. Watu hudhani mtaji wa biashara hii ni malori. Mtaji ni kuaminiwa na forodha.

Jioni lakiri ya kielektroniki ikafungwa mlangoni mwa kontena, ile inayowaonyesha forodha gari lilipo na kupiga kelele likichezewa. Barabara ya Mandela ilikuwa imefunga. Tumelala kabla ya Kibaha.

Jumatano, Vigwaza hadi Ruaha Mbuyuni

Mizani ya Vigwaza asubuhi. Uzito wa jumla unaoruhusiwa Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari la ekseli saba, yaani mihimili saba ya magurudumu, lakini tani 56 si ruhusa ya kila kitu, kwani kila kundi la ekseli linapimwa peke yake. Mbele yetu kuna lori lililofaulu jumla na kufeli ekseli za nyuma. Huko ng'ambo ya bahari mtu alipanga mashine nzito upande mmoja wa kontena, akafunga mlango, akaenda kula. Dereva hawezi kufungua na kupanga upya kwa sababu ya lakiri. Atalipia uzito, au atangoja ruhusa ya forodha na winchi. Tuliondoka tukamwacha ameketi kwenye kivuli cha tairi lake, simu sikioni, na nadhani aliyekuwa upande wa pili wa ile simu alikuwa mtu kama mimi.

Hapo Vigwaza ndipo pa kukata kwenda Kwala, bandari kavu iliyozinduliwa rasmi Julai 2025 ili makontena yatoke mjini kwa reli na malori yayachukulie huku. Mzee anaisubiri izoeleke kuliko anavyosubiri mshahara. Kwa hesabu yake, usiku mmoja wa Dar unamla fedha kuliko siku mbili za Zambia.

Mikumi tumepita polepole. Barabara inakata hifadhi kwa kilomita 50, na kuna kibao chenye orodha ya faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Utingo anaijua kwa moyo. Jioni Ruaha Mbuyuni, vitunguu kila upande, tumelala.

Alhamisi, Kitonga

Lori limekufa kwenye kona ya Kitonga. Mlima una upande mmoja wa jabali na mwingine wa korongo, kwa hiyo gari moja likilala, njia yote ya Zambia, Malawi na Kongo imelala nalo. Tulikaa mpaka saa nane mchana. Katika muda huo mteja wa Ulaya aliuliza mara kadhaa, kupitia kampuni yake kubwa, kupitia ofisi yetu, kwa nini alama ya gari haisogei kwenye skrini. Ofisi ikanipigia mimi, nami niko kwenye hiyo alama.

Nilimsomea Mzee kifungu cha mkataba kinachosema msafirishaji alipwe kwa kila siku ya kusubiri baada ya siku mbili za bure mpakani. Akacheka mpaka akakohoa. Fedha hiyo, akasema, anaisikia. Kitonga haimo kwenye kifungu hata hivyo, kwa sababu Kitonga si mpaka.

Iringa tumeipita kwa chini, Ipogolo, bila kupanda mjini. Mafinga mbao, baridi. Tumelala Makambako nyumbani kwake Mzee, tukala ugali wa moto na maharage. Mke wake aliniuliza kama ni kweli ofisini kuna kiyoyozi.

Ijumaa, kuelekea Tunduma

Igawa, Chimala, Uyole, Mbeya. Mteremko wa Iwambi Mzee aliushuka kwa gia nzito bila kuongea, na utingo alizima redio bila kuambiwa. Jioni tukakuta mkia wa foleni pale Mpemba, kilomita kadhaa kabla ya geti.

Jumamosi na Jumapili, Tunduma

Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa Oktoba 2019. Mpango wake ni mzuri: gari linalotoka Tanzania halisimami mara mbili, linavuka na kumalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa Zambia, maofisa wakiwa chini ya paa moja. Ndani ya paa kazi inakwenda. Foleni iko nje ya paa.

Na sisi hata tungefika getini tusingepita. Wakala wa Nakonde aliyetuandalia tamko la forodha la Zambia amekosea tarakimu moja ya namba ya lakiri. Huyu wakala si wetu moja kwa moja. Kampuni yetu haina ofisi Nakonde, inatumia kampuni nyingine, nayo kwa mizigo ya wikendi inatumia mtu. Kurekebisha tamko kunahitaji ombi, maelezo, na ofisa wa ngazi fulani aidhinishe. Ni Jumamosi. Simu ya mtu wetu inaita bila kupokelewa.

Kulia kwetu lipo gari la kampuni kubwa yenye watu wake Nakonde na Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, karatasi zake ziliingizwa kwenye mfumo gari likiwa bado Iringa. Lilikuja baada yetu, likaondoka kabla yetu. Kushoto kuna gari ambalo mwenye mzigo aliamua kuruka kampuni za lojistiki kabisa, apunguze gharama, amtume mpwa wake afuatilie. Dereva wake ameshafua nguo na kuzianika kwenye tela, na anajua majina ya watoto wa mama lishe.

Nilikuwa nikidhani tofauti ya bei kati yetu na kampuni kubwa ni jina na ofisi yenye vioo. Sasa naona mteja analipia simu inayopokelewa Jumamosi. Hilo haliandikwi kwenye nukuu ya bei. Nukuu zote zinafanana: kusafirisha, nyaraka, dhamana, mpakani. Ndiyo maana anayechagua kwa kuangalia bei peke yake huchagua kitu asichokiona. Na sisemi kubwa ni bora siku zote. Nimeona kampuni ndogo za mtu mmoja na binamu yake mpakani zikifanya maajabu, kwa sababu binamu analala hatua chache kutoka getini.

Maisha ya foleni yana bei yake. Choo ni cha kulipia, maji ni ya kulipia, na usiku mtu lazima alale macho kwa sababu ya wanaonyonya dizeli. Utingo analala chini ya tangi. Mzee anapika kwenye jiko la gesi ubavuni mwa gari: wali, dagaa, nyanya. Posho yake ilikadiriwa kwa siku za kutembea, na fedha za kusubiri anakopa kwa mama mwenye duka la soda, ambaye daftari lake lina majina ya madereva wa nchi nne. Nikilitazama lile daftari naona kwamba mnyororo huu wa mabara mawili, wenye benki na bima na mifumo ya kompyuta, hapa Tunduma unakopeshwa na mwenye duka la soda.

Jumapili jioni yule mtu wa Nakonde akapokea simu. Alikuwa kwenye msiba.

Jumatatu, Nakonde

Tamko limerekebishwa kabla ya saa sita. Tozo za barabara, tozo ya hewa ya ukaa, bima. Kwa bima Mzee anayo kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kadi bado inatumika, bahati njema. Kadi nyingine ya njano, ya chanjo, anaihifadhi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na picha ya wanawe. Tumebadilisha fedha, tumetoka. Lakiri ya Tanzania imefunguliwa, dhamana yetu itaanza kufungwa, na kwa Zambia inafanya kazi dhamana nyingine.

Jumanne

Isoka, Chinsali, Mpika. Msitu, magunia ya mkaa, msitu, mashimo. Mulishani, mulishani, salamu za Kibemba kila tunaposimama. Msafirishaji haruhusu kutembea usiku Zambia, tumesimama jua likizama.

Jumatano, Kapiri Mposhi

Kapiri ndipo TAZARA inapoishia, kilomita 1,860 kutoka Dar, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Upana wake wa milimita 1,067 uliwekwa makusudi ulingane na reli za Zambia, kwa hiyo kwa nadharia behewa linaweza kutoka Dar likaendelea mpaka Ukanda wa Shaba na Kongo bila kupakuliwa. Basi kwa nini mimi nina vumbi la wiki nzima masikioni? Kwa sababu mteja ananunua tarehe, na kwa miaka mingi reli hiyo imekosa vichwa na mabehewa ya kutosha kuahidi tarehe. Lori likiharibika unatafuta lori jingine.

Washindani nao hawajalala. Upande wa magharibi, reli ya Lobito huko Angola imekabidhiwa kwa kampuni binafsi, na shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, imeanza kuteremkia Atlantiki. Ofisini tunaijadili kama habari ya mbali. Mzee ameiweka vizuri zaidi: shaba ikienda Lobito, yeye atapanda na vipuri na kurudi na upepo. Nauli ya kupanda ina maana kwa sababu kuna shaba ya kushuka nayo. Ukiondoa mzigo wa kurudi, bei ya kila kitu kinachopanda inapanda nacho.

Alhamisi na Ijumaa, Chililabombwe

Ndola, Kitwe, Chingola, halafu foleni ya Kasumbalesa. Inaanza mapema kuliko nilivyotegemea na inasogea kwa pumzi. Magari yamebeba salfa, chokaa, dizeli, mashine. Salfa ni nyingi mno. Inachomwa huko juu kutengeneza tindikali, na tindikali ndiyo inayoyeyusha shaba kutoka kwenye mawe, kwa hiyo foleni hii ikisimama muda mrefu, wahandisi wa migodini nao wanaanza kuhesabu siku za akiba.

Kongo inataka karatasi zake. Ile ya FERI, hati ya kielektroniki ya taarifa za mzigo unaoingia, inayotolewa kwa niaba ya OGEFREM, shirika la serikali la usimamizi wa mizigo, hutakiwa kupatikana kabla mzigo haujafika, na kuna ukaguzi wa OCC, shirika la serikali la kukagua bidhaa, kisha forodha yenyewe, DGDA. Safari hii tuliandaa zote Dar, na wakala wetu wa Kasumbalesa, mama mmoja mwenye simu tatu, alitupigia kabla hatujampigia. "Papa, bintu byenu biko sawa. Mungoje namba yenu." Nilitamani kumpeleka Nakonde.

Hakukuwa na kosa hata moja kwenye karatasi, na bado tulingoja siku mbili. Nalisema hili kwa ajili ya wateja: kuna kusubiri ambako kampuni inaweza kukuondolea, na kuna kusubiri ambako ni kwa mpaka wenyewe. Mtu akikuahidi kuondoa vyote viwili anakudanganya, au ana njia ambayo usingependa kuijua.

Jumamosi, Kasumbalesa hadi Lubumbashi

Tumevuka. Kongo wanaendesha kulia, na usukani wa Mzee uko upande wa kulia pia, kwa hiyo kila akitaka kulipita gari utingo ndiye macho yake. "Bado… bado… twende." Kilomita tisini na kitu. Tumefika ghala limefungwa.

Jumapili

Kulala, kufua, samaki wa kukaanga. Mlinzi wa ghala anaongea Kiswahili cha Lubumbashi haraka mno, Mzee anamjibu taratibu cha Makambako, wanaelewana vizuri kabisa kuhusu mpira.

Jumatatu, ghalani

Lakiri ya kampuni ya meli imekutwa nzima, namba yake imelinganishwa na hati ya shehena, ikakatwa. Ndani, makreti mawili yana alama ya maji. Mtunza ghala akasimama, akavaa miwani.

Utingo aliingia ndani ya kontena, akaomba mlango ufungwe. Giza likiwa kamili akaona nuru ya jua darini: tundu dogo penye kutu, pembeni. Tuliipiga picha. Tundu la kutu halikupatikana Kitonga. Lakini angalieni simu zilizofuata. Muuzaji anasema alikabidhi mzigo ukiwa mkavu. Kampuni kubwa ya Ulaya inasema anayeshughulikia ni wakala wake wa Dar, yaani sisi. Ofisi yetu ikakumbusha kwamba masharti yetu ya biashara yana kikomo cha fidia. Msafirishaji akasema yeye amebeba kontena lililofungwa. Kampuni ya meli itasema kontena lilikaguliwa kabla ya kupakiwa. Mzee alinisikiliza nikizunguka na hizo simu, kisha akasema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mdogo wangu."

Kilichotusaidia ni vitu viwili. Muuzaji alikata bima pana ya bahari, ile ya daraja A, inayofuata mzigo mpaka ghala la mwisho, si ya meli peke yake. Na mtunza ghala, mtu makini, alikataa kusaini hati ya kupokea mzigo ikiwa safi: aliandika makreti mawili, maji, lakiri nzima, tarehe, saa. Mstari huo ndio utakaomwongoza mkaguzi wa bima. Kama angesaini safi ili dereva aondoke haraka, na wengi husaini hivyo, madai yangeanza kwa mguu mbovu. Mzee naye anaihitaji hati hiyo kwa sababu nyingine: bila nakala yenye muhuri, salio la nauli halitoki, na hata nakala ikiwepo ofisi inalipa baada ya siku 30 au zaidi. Yaani mwenye malori machache anamkopesha nauli mteja wa Ulaya.

Limebaki kontena tupu. Kampuni ya meli imetoa siku kadhaa za bure, zikiisha kila siku inalipiwa mpaka lirudi Dar, na amana tuliyoweka inalala huko huko. Wengine huhamishia mzigo kwenye gari la wazi Dar ili kukwepa jambo hili, na kwa vipuri vya kwenye makreti sisi pia tungeweza, ila mteja alitaka lakiri isikatwe njiani. Sasa ofisi imeomba kampuni ya meli ruhusa ya kujaza kontena hilo hilo vibao vya shaba kwa safari ya kurudi. Ruhusa imekuja saa tisa alasiri, kwa sharti tundu lizibwe na mkaguzi apite.

Shaba ya kurudi nayo ipo Likasi, mji ulio mbele zaidi ya Lubumbashi. Mzee amekataa kuwasha gari mpaka posho ya siku za foleni iingie kwenye simu yake, zote, za Tunduma na za Chililabombwe. Nilimpigia msafirishaji, msafirishaji akampigia dalali, mimi nikapiga ofisini. Saa kumi na moja nusu ya posho imeingia. Amesema nusu nyingine waipeleke Likasi kabla hajafungua kufuli za tela, la sivyo watafute gari lingine la kubeba shaba yao.